Upande wa Kulia wa Shasi

Mimi si mtu wa kusifiwa upole. Waliofanya kazi nami hapa Kilibula, mjini Uvira, watakuambia hivyo kabla hujawauliza. Zamani nilikuwa na wasaidizi, wakaondoka mmoja mmoja, na wa mwisho aliziacha glavu juu ya meza akaenda zake bila kuaga, kwa sababu nilimwambia mbele ya mteja kwamba mchomeleo wake unafanana na matapishi. Ulifanana kweli. Lakini ningeweza kungoja mteja aondoke.

Kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Natengeneza milango na madirisha kama fundi yeyote, ila riziki yangu hasa imetoka kwenye magari ya zamani. Huku kwetu gari halifi kwa uzee. Pikapu ambayo kwingine ingeshayeyushwa ikawa masufuria, hapa bado inapanda milima ya Rurambo, inashuka na madumu ya maziwa, magunia ya viazi, na abiria juu ya magunia. Injini imebadilishwa mara tatu, milango imetoka kwenye magari mengine mawili, usukani umelika mpaka umekuwa mwembamba. Kilichobaki kile kile kutoka kiwandani ni shasi tu, yaani zile nguzo mbili ndefu za chuma zinazolala chini ya gari kutoka mbele hadi nyuma, ambazo kila kitu kingine kimefungwa juu yake. Barabara ya mlimani inaipinda shasi huku na huku mwaka baada ya mwaka mpaka inafanya ufa. Hapo ndipo wanapokuja kwangu. Nanyoosha, naziba ufa, naongeza bamba la chuma pale palipochoka, na gari linarudi mlimani.

Kazi hii ni ya watu wawili. Kabla hujachomelea chochote, unapima shasi kwa kamba, kutoka pembe ya mbele kulia hadi pembe ya nyuma kushoto, kisha kinyume chake. Vipimo vikilingana, shasi iko sawa. Visipolingana, gari litakwenda upande upande barabarani, kichwa huku na mkia kule, na matairi yataisha kabla ya mwezi. Sasa kamba ina ncha mbili. Mmoja anashika huku, mwingine kule, mnavuta. Kwa miaka sita nimekuwa nikiibana ncha ya pili kwa koleo. Inawezekana, lakini nikienda kusoma kipimo upande huu, kamba inalegea upande ule, na nalizunguka gari mara kumi kwa kazi ya dakika tano huku nikiitukana kamba. Wapita njia wamezoea. Wanadhani nazungumza na simu.

Kabla ya hiyo miaka sita, ncha ya pili ilikuwa mikononi mwa mwenzangu.

Tulifanya kazi pamoja miaka ishirini na miwili. Yeye alikuwa mtu wa milimani, Mprotestanti, mzaliwa wa njia ya Rurambo. Mimi ni mjukuu wa watu waliofuata biashara ya ziwa zamani, wakajenga hapa Uvira na msikiti wao. Mwezi wa Ramadhani hakuwahi kula mbele yangu. Sikukuu ya Noeli mimi ndiye niliyekwenda kumchinjia kuku wake, ili nami niweze kuketi kula naye. Hatukuwa watu wa maneno mengi. Yeye kwa sababu ndivyo alivyoumbwa, mimi kwa sababu nikifungua mdomo naharibu.

Tulikuwa na desturi yetu. Gari likiingia, mimi nilichukua upande wa kulia, yeye wa kushoto. Kila mtu alilala chini kwenye upande wake, akakata bamba lake, akalichomelea, akalipaka rangi nyeusi. Hakuna aliyekwenda kukagua upande wa mwenzake. Hatukuwahi kukubaliana hivyo kwa maneno, ilikuwa heshima tu, kwa kuwa kumkagua mtu mzima kazi yake ni kumwambia kwamba humwamini. Mafundi wa barabara hii yote walijua kulia ni kwa nani na kushoto ni kwa nani, na mteja akilalamika walimwonyesha mtu wa kumlalamikia.

Na kulikuwa na jambo moja ambalo mimi nilililia kila siku: usitumie resori. Resori ni vile vyuma virefu vilivyopinda kidogo, vinavyopangwa kimoja juu ya kingine kubeba gari juu ya ekseli. Kila gereji hapa ina lundo la resori zilizovunjika, na kwa macho ni chuma kizuri, kipana, kinene, tena cha bure. Fundi akihitaji bamba anakata resori, analichomelea kwenye shasi, mteja anagonga kwa nyundo, anasikia ugumu, anafurahi. Lakini chuma cha resori kimepikwa kikawa kigumu mno. Ukikichomelea kwenye chuma laini cha shasi, pembeni mwa mchomeleo panakauka kama biskuti. Shasi inatakiwa inyumbuke kidogo kwenye mashimo. Bamba la resori halikubali, basi shasi inakatika kando yake. Jambo hili nilimhubiria kila mtu. Nilimhubiria hata mwenzangu, aliyelijua kabla yangu.

Miaka sita iliyopita tulinunua pikapu kuukuu ya kwetu sisi wawili, ili tuwe tunaikodisha kwa watu wa milimani. Tuliiongeza nguvu nyuma ya kabini, kila mtu upande wake, kama kawaida. Mke wangu alikuwa amefariki miezi mitatu kabla. Binti zangu wawili walikuwa wamekwisha kurudi kwa waume zao, mmoja Bujumbura, mwingine Kalemie. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilikuwa naamka alfajiri na kuja gereji moja kwa moja kutoka msikitini, nikae mahali ambapo walau magari yanapita. Nilikuwa nakumbuka kwamba siku zile nilifanya kazi vizuri sana. Hivyo ndivyo nilivyokumbuka mpaka mwaka huu.

Pikapu ilipanda na kushuka kwa miezi miwili. Safari moja ikiteremka na ng'ombe wawili na mwenye ng'ombe, shasi ilikatika upande wa kushoto. Ng'ombe mmoja alikufa, mwenye ng'ombe akavunjika mkono. Gari lilivutwa mpaka kwetu, na kila mtu aliona kwa macho yake: nguzo ya kushoto imepasuka kutoka juu hadi chini, kando kabisa ya bamba. Watu walijaa, mafundi wa jirani, madereva, wanawake waliotoka sokoni na mabeseni kichwani. Mbele ya wote hao nikaanza kupiga kelele.

"Weye umeweka resori! Nilikukatazaka mara ngapi? Muntu angekufa juu ya uvivu yako!"

Mwenzangu aliutazama ule mpasuko. Akachuchumaa, akapitisha kidole pembeni mwa bamba, akasimama. Nilikuwa nangoja akane ili nimrudie tena, kwani bado nilikuwa na maneno. Hakukana. Alisema tu, "Gari nitaipeleka ku nyumba." Siku iliyofuata akalivuta hadi kwake Kavimvira. Mwenzangu alimchukua mwenye ng'ombe nyumbani kwake, akamlaza na kumlisha huko mpaka mkono ukapona. Kisha akaenda kutafuta kazi ya kuchomelea maboti bandarini Kalundu, na gereji ikabaki yangu peke yangu.

Ule ukimya wake niliuchukua kuwa ndiyo kukiri. Nilitembea nao miaka sita kama mtu mwenye haki. Mtu akija na gari lililoharibiwa kwa resori, nilimsimulia habari ya mwenzangu, nikamwonya.

Kutoka kwangu mpaka Kavimvira ni mwendo mfupi wa pikipiki, hata chai haipoi. Nilipita mtaa wake mara nyingi nikielekea mpakani, nikaangalia mbele. Siku moja tulikutana sokoni kwenye meza ya ndagala, wale dagaa wa ziwani. Aliinua mkono nusu. Mimi nikainama nikaanza kuchagua ndagala moja moja, kitu ambacho hakuna mtu mwenye akili anayekifanya, mpaka muuzaji akaniuliza kama natafuta yenye jina langu. Nilipoinua kichwa hakuwapo.

Ziwa likapanda. Maji yaliingia Kavimvira, yakakaa, watu wakawa wanatoka nyumbani kwa mitumbwi. Nilisikia kwamba uwanja wake umezama na pikapu imesimama ndani ya maji mpaka usawa wa milango. Nikasema nitakwenda kumjulia hali. Nikasema wiki hii, nikasema wiki ijayo. Maji yalishuka kidogo, yakapanda tena, na mimi bado nasema.

Mwaka jana alikufa. Ugonjwa haukumaliza wiki mbili. Sikwenda kwenye kilio. Huku kwetu mtu anaweza kukusamehe mengi, ila kutoonekana kwenye kilio hakusahauliki. Nilituma gunia la mchele kwa pikipiki, nikafunga gereji, nikakaa ndani kwenye benchi mpaka alasiri. Nilijiambia kwamba naogopa macho ya watu. Ukweli ni kwamba nilikuwa na huzuni kuliko nilivyokuwa na haki ya kuwa nayo, na sikujua niipeleke wapi. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwambia. Binti zangu wakipiga simu wananiuliza kama nimekula. Nawaambia nimekula.

Kiangazi hiki mke wake alikuja. Nilisikia lori linapunguza mwendo, nikatoka, nikaiona ile pikapu imefungwa kwa mnyororo nyuma yake, imepauka, ina mstari wa tope kavu pande zote kuonyesha maji yalipofika. Yeye alishuka kutoka kwenye lori, mwanamke mrefu kuliko mimi, kitenge kimefungwa vizuri, akasimama mbele yangu.

"Shemeji."

"Shemeji, karibu. Karibu sana."

Nilitamani anikaripie habari ya kilio, tumalize. Hakunikaripia. Alisema alilojia.

"Nataka uongeze nguvu ile gari. Minye nauzaka ndagala. Batu ba mu milima banazitaka, na pikipiki haitoshe tena. Batoto banasoma."

"Kuko mafundi wengine ku Kavimvira."

"Kuko. Balisema hii shasi imekufa. Minye nikasema kuko muntu mumoja anaijua."

"Inaweza kuwa imekufa kweli."

"Basi utaniambia weye. Ukisema imekufa, nitaiuzisha vyuma. Ukisema iko muzima, minye mwenyewe nitapanda ndani."

Hilo la mwisho lilinikaa. Nilimwambia nitaliangalia kwa siku tatu. Akasema sawa, akachukua dumu tupu, akaligeuza, akaketi. Nilidhani anapumzika kabla ya kuondoka. Siku zote tatu alikuja asubuhi na kuketi pale pale, na mimi, ambaye siwezi kufanya kazi nikiangaliwa, sikumwambia aondoke.

Siku ya kwanza nilizitoboa chini zile nguzo za shasi, ambazo zina uwazi ndani, ili nizitoe uchafu. Mchanga ulianza kumwagika, mchanga wa ziwa, mwembamba, umechanganyika na vikonokono vidogo vyeupe. Ulimwagika karibu nusu siku. Nilipiga nyundo huku, unatoka kule. Halafu nikapitia chuma chote nilichoweza kukifikia kwa nyundo ndogo, shubiri kwa shubiri, nikisikiliza. Palipoliwa na kutu palitoa sauti ya bati, palipo pazima palilia vizuri. Pazima palikuwa pengi kuliko nilivyotarajia. Rangi nyeusi tuliyoipaka ilikuwa imefanya kazi yake.

Siku ya pili ilikuwa ya kamba. Niliibana ncha moja kwa koleo, nikazunguka kwenda nyuma, ikalegea. Nikarudi, nikakaza, nikaanza kunong'ona yale ya kila siku. Mke wa mwenzangu aliinuka kwenye dumu, akaitoa kamba kwenye koleo, akaishika kwa vidole viwili juu ya tundu la bolti, mahali panapotakiwa hasa, akavuta.

"Nani alikufundisha?" nikamuuliza.

"Kule ku nyumba alikuwa anapimaka milango ya batu. Nani mwingine angemushikia?"

Kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita nilisoma kipimo nikiwa nimesimama mahali pamoja. Kamba ilinyooka, haikutetemeka. Shasi ilikuwa imepinda vidole viwili, kazi ya jeki na mnyororo, si kazi ya kutisha. Nilifurahi kama mjinga. Nikamwambia mambo mengi ambayo hakuyauliza, namna bamba linavyokatwa mshazari kwenye ncha zake ili nguvu isikusanyike mahali pamoja, namna unavyochomelea kipande kifupi huku, unaacha kipoe, unakwenda kipande kingine kule. Alinisikiliza. Ndipo nikagundua kwamba tangu asubuhi nilikuwa sijatukana.

Siku ya tatu niliondoa mabamba ya zamani. Kwa mashine ya kusagia chuma, fundi hahitaji kuambiwa chuma ni cha aina gani, anaangalia cheche. Chuma laini kinatoa cheche ndefu, zilizonyooka, zenye rangi ya chungwa, zinaanguka kimya. Resori inatoa cheche fupi nyeupe, na kila moja mwishoni inapasuka ikawa matawi. Nilianza na upande wa kushoto, upande wake. Nitasema ukweli, nilianza huko kwa makusudi. Nilitaka kuziona zile cheche nyeupe, nijihakikishie.

Zilitoka ndefu. Zilinyooka zikaanguka kimya karibu na mguu wangu.

Nikahamia kona nyingine ya bamba. Ndefu. Nikaenda katikati, nikasaga kwa nguvu zaidi kuliko inavyohitajika. Ndefu. Bamba zima lilikuwa chuma laini, kizuri, limekatwa mshazari, halikuchomelewa mahali pasipopaswa. Mchomeleo wake ulikuwa umelala safi toka mwanzo hadi mwisho. Nilizima mashine nikakaa hapo chini kidogo. Mke wake aliniuliza kama umeme umekatika. Nikasema hapana.

Nikazunguka kwenda upande wa kulia, upande wangu. Kule bamba lilikuwa limefunikwa na tangi la mafuta, ndiyo maana siku ile ya ajali hakuna aliyeliona. Nililifungua tangi nikalishusha. Nikawasha mashine, nikaligusa bamba langu kwenye ncha.

Cheche zilitoka nyeupe, zikapasuka pasuka hadi kwenye miwani yangu.

Nilizima. Nikawasha tena, nikagusa mahali pengine, zikapasuka vile vile. Nikasafisha rangi na kutu kando ya bamba, nikaona: nguzo ya kulia ilikuwa imekatika kitambo kando ya mchomeleo wangu, mkato ulionyooka, karibu urefu wake wote. Upande wangu ndio uliovunjika kwanza. Upande wake uliendelea kubeba mzigo wa pande mbili katika barabara ile, mpaka nao ukashindwa, na kwa kuwa ulikuwa wazi, ndio watu waliouona.

Nimejaribu sana kukumbuka siku niliyolikata bamba lile. Nakumbuka nilikuja alfajiri, bado giza, umeme ulikuwa haujarudi, nikakata kwa moto wa gesi. Lundo la vyuma lilikuwa karibu na mlango. Ninachokumbuka zaidi ya hapo ni kwamba niliogopa kurudi nyumbani. Mkono ulichukua chuma, nami sikuwapo. Kisha nikapaka rangi nyeusi, na chini ya rangi nyeusi vyuma vyote ni kimoja.

"Iko namna gani, shemeji?" mke wake akauliza kutoka kwenye dumu.

Ningeweza kusema ni kutu. Bamba lingekwenda kwenye lundo, na hakuna mtu katika dunia hii ambaye angejua. Nililifikiria jambo hilo kwa muda wa kuvua miwani na kuifuta. Lilikuwa jina langu lote la ufundi, na sikuwa na kingine. Nikatoka chini ya gari, nikasimama mbele yake, mikono imejaa masizi.

"Shemeji, resori ilikuwa yangu. Upande wa kuume. Bwana yako aliweka chuma nzuri. Minye ndiye nilivunja hii gari, na nikamupakaza yeye mbele ya batu."

Hakushtuka. Alitikisa kichwa taratibu, kukubali.

"Najua," akasema.

"Unajua namna gani?"

"Kisha tu ya kuifikisha ku nyumba, alishushaka ile tangi. Minye ndiye nilimushikiaka tochi. Akaangalia, akaangalia, akarudisha tangi mu nafasi yake."

"Na hakunambia?"

"Nilimwambia aende akuambie. Nilimugombeza hata. Akakatala. Alisema, 'Ule, bibi yake ametoka kufa, batoto bake bako mbali. Amebakia na jina ya kazi tu. Nikimunyanganya ile, atabakia na nini? Minye niko na weye, niko na batoto.'" Akanyoosha kitenge magotini. "Alisemaka acha kasirani imutoke, atakuja mwenyewe. Alikungojea, shemeji. Hata kwa kitanda alikuwa anauliza kama umefika."

Nilikaa chini kwenye ule mchanga wa ziwa nilioutoa kwenye shasi, nikalia mbele ya mke wa mtu, mchana kweupe, mlango uko wazi. Yeye hakuniambia nyamaza. Hakunigusa wala hakuondoka.

Kisha nikamuuliza, "Juu ya nini sasa umeileta kwangu? Si ungenichukia tu?"

"Nilikuchukia," akasema. "Lakini nilichoka kujua peke yangu."

Nilimwambia shasi haikufa. Nilimwambia nitakata sehemu iliyooza, nitaweka chuma laini pande zote mbili, na kabla sijapaka rangi atazitazama cheche za kila bamba kwa macho yake. Akasema sawa. Akauliza kama kesho kuna kamba ya kushika. Nikasema ipo.

Alipoondoka, niliosha uso nikatoka barabarani. Niliona kwamba jambo nililolisema mbele ya watu lazima nilirudishe mbele ya watu. Nilitaka watu wale wale. Fundi wa injini aliyekuwa na kibanda karibu nasi alikwisha kuhamia Burundi. Muuza mafuta wa pembeni alifariki. Wengine walikuwa wapita njia, na walipita. Katika wote waliokuwapo siku ile nilimpata mmoja tu, fundi wa matairi ng'ambo ya barabara, anajaza upepo tairi la lori.

Nikasimama karibu naye, nikamwambia, "Nimekuja kusema juu ya ile mambo ya shasi."

"Mambo gani, muzee?"

Nilimsimulia kutoka mwanzo. Nilimkumbusha ng'ombe, mkono uliovunjika, namna watu walivyojaa, maneno niliyoyasema. Nikamwambia resori ilikuwa yangu na mwenzangu alisingiziwa bure. Aliendelea kupima upepo, mara anatikisa kichwa kwa adabu, na niliona wazi kwamba hakumbuki hata kidogo. Mimi nilikuwa nimeshindwa kupita mtaa wa Kavimvira miaka sita kwa ajili ya siku ile, na kwake ilikuwa siku ya kazi kama nyingine.

Nilipomaliza, alichomoa mpira wa pampu, akafunga kifuniko, akajipangusa mikono.

"Sasa ile muntu mwenyewe," akasema, "si alishakufa?"

"Ndiyo," nikamjibu. "Alishakufa."